Mwanangu ameniambia haamini tena. Nimjibu nini, na baba yake nimwambieje?

*Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.*

Mimi ni mama wa miaka 49, mwalimu wa shule ya msingi huku Moshi vijijini. Nafundisha Sayansi darasa la sita na la saba. Mume wangu ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri. Tulijaliwa watoto watatu. Mkubwa ana miaka 22, yuko chuo kikuu Dar es Salaam mwaka wa tatu, anasomea uhandisi wa ujenzi. Wa katikati tulimzika miaka miwili iliyopita kwa selimundu, baada ya maombi mengi. Wa mwisho ni binti wa miaka 14, anamalizia mafundisho ya kipaimara na atabarikiwa Desemba hii.

Huyu mkubwa ni mtoto wa kanisani tangu utotoni: shule ya Jumapili, kwaya ya vijana, kinanda. Likizo iliyopita alikuja nyumbani. Siku ya tatu nikiwa jikoni namenya ndizi za mtori, akavuta kigoda akakaa. Akasema, "Mama, sitaki ulisikie hili kwa mtu mwingine. Mimi siamini tena kama Mungu yupo." Mikono yangu ilikuwa imejaa utomvu, nikaendelea kumenya kama sijasikia.

Nilipopata sauti nikamwambia kila kitu kina aliyekitengeneza, hata kisu hiki kina fundi wake. Akauliza kwa upole tu, "Na Mungu alitengenezwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nikasema Biblia imeshamtaja mtu wa namna yake, Zaburi ya 14, mpumbavu amesema moyoni hakuna Mungu. Hakunijibu. Alichukua kisu kingine akanisaidia kumalizia mkungu ule, tukawa kimya wote wawili.

Siku nyingine akaniambia zamani watu waliona radi wakasema ni Mungu, leo mimi mwenyewe nawafundisha watoto kuwa ni umeme. "Kila mwaka Mungu wenu anapunguziwa kazi, mama." Hiyo iliniuma kwa sababu nafundisha kweli.

Aliporudi chuo nikamtumia kwenye WhatsApp jumbe tatu kutoka kundi letu la akina mama. Moja inasema Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, alitubu kitandani akikaribia kufa. Ya pili, NASA, shirika la anga la Marekani, waligundua kwa kompyuta ile siku iliyopotea jua liliposimama kwa Yoshua. Ya tatu, Einstein akiwa mwanafunzi alimnyamazisha mwalimu wake asiyeamini kwa mfano wa giza na mwanga. Baada ya siku mbili akanijibu moja baada ya moja kwamba zote ni uongo, na mwisho akaandika: "Mama, kama mnanidanganya kwa Einstein, nitawaaminije kwa Yesu?" Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaona aibu.

Mume wangu hajui lolote. Ameshapanga siku ya kipaimara huyu kaka mtu asome somo, kisha familia nzima twende pamoja kwenye meza ya Bwana. Kijana ananiambia, "Mama, usinifanye niseme uongo mbele ya watu wote." Lakini hataki nimwambie baba yake. Namwelewa, kwa sababu mwaka juzi mtoto wa jirani alipoacha kanisa mume wangu alisema mtoto wa namna hiyo yeye hamlipii hata nauli. Na ndiye anayelipa chumba na ile sehemu ya ada isiyofikiwa na mkopo.

Kuna rafiki yangu wa maombi nilimdokezea. Ananishauri nimwite kijana kwa kusema naumwa, akifika tumfungie siku tatu za kufunga na kuomba, maana hilo ni pepo. Sijamkubalia wala sijamkatalia.

Nisaidie. Nimjibuje maswali yake mimi ambaye sikusoma falsafa? Nimwambie baba yake au ninyamaze? Na kuna kitabu gani nimnunulie? Yeye mwenyewe nilimwona na kitabu kinene amekifunika kwa gazeti, sikuthubutu kuuliza.

*Mama Njia Panda, Moshi*

Jibu la Mshauri

Amina, mama. Asante kwa kuandika kirefu, na kwa kutoficha hata yale yaliyokuonesha umekosea.

Naona mambo manne katika barua yako: maswali ya kijana, siri mbele ya baba yake, ibada ya Desemba, na mpango wa rafiki yako. Tukiyavuta yote kwa mkupuo fundo litakaza, kwa hiyo tuyaendee moja moja. Nitakaa zaidi kwenye maswali, kwa sababu hapo ndipo unapojiona huna silaha, na sidhani kama uko mtupu kiasi hicho.

Ila kwanza tazama kile kigoda. Kijana asiyeamini, mwenye baba mzee wa kanisa na ada ya kulipiwa, ana njia rahisi ya kuishi: afumbe macho wakati wa sala, aseme amina, ale. Wako alichagua kukuambia, tena kabla hujasikia kwa mwingine. Yeyote atakayekuambia mtoto huyu amewadharau wazazi wake, mkumbushe hilo.

Zaburi ya 14 uliisoma kama watu wengi wanavyoisoma, yaani asiyeamini hana akili. Neno la Kiebrania hapo ni *nabali*, na Biblia ina mtu mwenye jina hilo, yule Nabali wa 1 Samweli 25, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, aliyewanyima chakula vijana wa Daudi waliomlindia mifugo. Hakuwa mjinga wa hesabu. Upumbavu wake ulikuwa roho mbaya. Endelea na zaburi yenyewe hadi mstari wa 4, utawakuta wanaowala watu wa Mungu kama walavyo mkate. Anayesemwa pale ni mdhalimu anayeishi kana kwamba hakuna wa kumwuliza, na mtu huyo anaweza kuwa na kadi ya usharika. Mwanafunzi anayekaa na mama yake jikoni akiuliza swali la kweli si yeye. Unaweza kumwambia hivyo. Sentensi moja inatosha: "Ule mstari niliutumia vibaya."

Sasa zile jumbe tatu. Hapa sitazunguka, kijana yuko sahihi kwa zote. Darwin alifariki mwaka 1882, na hadithi ya kutubu ilichapishwa Marekani mwaka 1915, ikisimuliwa na bibi mmoja aliyejulikana kama Lady Hope. Mwaka 1922 Henrietta, binti yake Darwin, aliandika kwamba yeye alikuwepo baba yake akikata roho na bibi huyo hakuwepo. Ile ya NASA ni kongwe kuliko NASA. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1958, ilhali dai la "siku iliyopotea" kupatikana kwa hesabu za nyota lilikuwa limechapishwa Marekani tangu 1890. Tena haiwezekani kihesabu. Kompyuta ikirudisha nyuma mahali pa jua na mwezi inapita moja kwa moja. Ili ione siku imepungua ingehitaji kumbukumbu ya saa iliyoandikwa kabla ya tukio ili ilinganishe, na hakuna. Einstein naye mwaka 1929 alisema wazi kuwa hamwamini Mungu anayeshughulika na maisha ya mtu mmoja mmoja, na kisa cha yeye na mwalimu hakina shahidi.

Mtumie ujumbe mfupi: "Mwanangu, nimehakiki. Zile tatu ulisema kweli, nilituma bila kuangalia. Samahani." Ishie hapo. Usiweke "lakini" baada ya samahani, maana ataisoma "lakini" tu. Na kuanzia leo kila ushuhuda wa kuchangamsha uulize maswali matatu kabla hujaurusha: nani aliyekuwepo, mwaka gani, na uliandikwa wapi mara ya kwanza? Ukikosa mawili kati ya hayo, uache kwenye simu yako.

Usidhani kuhakiki huku ni udhaifu wa imani. Agustino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliwaonya Wakristo wenzake mwanzoni mwa karne ya 5. Asiyeamini anajua mwendo wa nyota kwa hesabu na kwa kuona, akimsikia Mkristo anasema upuuzi kuhusu nyota huku akidai ni Maandiko, atawezaje kuyaamini Maandiko hayo yanapomwambia habari za ufufuo? Mwanao amesema jambo hilohilo, kwa maneno machache zaidi.

Tuje kwenye kisu na fundi. Hoja yako ilivunjika mahali pamoja tu. Ulisema *kila kitu* kina aliyekitengeneza. Kanuni hiyo haimbagui yeyote, kwa hiyo kijana alipouliza habari za Mungu alikuwa anaipeleka mahali ilipokuwa inakwenda. Walioijenga hoja hii kwa uangalifu, Wakristo na pia Waislamu kama al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, wanaisema hivi: kila *kinachoanza kuwako* kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwako, basi ulimwengu una chanzo. Mzigo wote umebebwa na "kinachoanza". Mungu wa Biblia hana mwanzo, kwa hiyo swali la nani alimtengeneza halimgusi, kama ambavyo huulizi mseja ameoa wapi.

Atakujibu nini? Akiwa msomi mzuri atapiga mguu wa pili: una uhakika gani ulimwengu ulianza? Wanafizikia wanasema upanuzi tunaouona ulianza takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, lakini kama hapo ndipo mwanzo wa yote, bado wanabishana. Au atapiga mguu wa kwanza: kanuni tuliyoiona kwa vitu vilivyomo ulimwenguni, tunaihamishaje kwa ulimwengu mzima? Yote mawili ni maswali halali, usiyaogope wala usijifanye umeyamaliza. Na hata hoja ikisimama yote, inakufikisha kwenye chanzo. Haikufikishi Golgotha. Ukijua gari linaishia kituo gani hutampakia abiria wa mbali.

Kuhusu Mungu kupunguziwa kazi, nadhani hapa utashangaa. Kuna mchungaji wa Kilutheri kama wenu, Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa na Wanazi Berlin na kunyongwa Aprili 1945. Mei 1944 aliandika kutoka gerezani kwamba ni kosa kumfanya Mungu kiraka cha yale tusiyoyajua, kwa kuwa mipaka ya ujuzi inasogea kila siku na Mungu wa namna hiyo hurudi nyuma kila siku. Akataka Mungu atafutwe katika yale tunayoyajua. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba huyo Mungu anayepunguziwa kazi, hata wewe unaweza kumkataa.

Kisha mpe mfano wa fani yake. Daraja la mtoni lina majibu mawili ya "kwa nini lipo?". Moja ni nondo, zege na hesabu ya mzigo. Jingine ni kwamba watoto walikuwa wanasombwa na maji wakienda shule. La kwanza likikamilika hadi milimita ya mwisho halifuti la pili. Lakini uwe mwaminifu naye: mfano huu hauthibitishi kwamba ulimwengu una jibu la pili. Unaonesha tu kwamba kulijua la kwanza si sababu ya kulikataa. Yeye ataiona tofauti hiyo haraka, na ni afadhali aisikie kwako.

Kishawishi kilicho upande wa pili ni kuivamia sayansi na kuifanya shahidi wa kanisa. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kilichosongamana. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoielekea nadharia hiyo kama ushahidi wa uumbaji, Lemaître mwenyewe hakufurahia. Nadharia hurekebishwa. Ukiifunga imani kwenye nadharia, siku ikirekebishwa utalazimika kueleza kwa nini imani haikutikisika.

Mama, kuna sentensi moja katika barua yako ambayo nimeirudia mara nyingi. Radi imepata aya nzima. Mtoto mliyemzika amepata mstari mmoja: "baada ya maombi mengi".

Sisemi kwamba msiba ndio uliomfanya kaka yake asiamini. Tafadhali na wewe usimwambie hivyo. Ukimwambia "ni uchungu tu" utakuwa umemnyang'anya akili yake: hoja zake zitageuka dalili, naye atageuka mgonjwa. Lakini muulize, siku moja, bila kutafuta ushindi: "Kifo cha mdogo wako kilikufanyia nini?" Kisha unyamaze kweli. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa kanisa wa karne ya 13, alipoanza kueleza kwa nini anaamini Mungu yupo, alizitaja kwanza hoja mbili zinazompinga, na ya kwanza ilikuwa uovu na mateso. Ya pili, ukitaka kujua, ilikuwa ile ya radi: maumbile yanajieleza yenyewe. Mwanao hajatoka nje ya mazungumzo ya kanisa. Amekaa katikati yake.

Jibu la mateso sina la kukupa kwenye karatasi, na wanaolitoa haraka huwa hawajafiwa karibuni. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walikuwa marafiki. Walipoanza kumtetea Mungu ndipo walipoharibu. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao kwa sababu "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu". Ayubu aliyelalamika ndiye aliyesifiwa. Kama pale msibani kuna mtu alimwambia kijana wako kwamba Mungu alimpenda mdogo wake zaidi, huenda analibeba hadi leo.

Namna ya kuzungumza: kwa simu ya sauti au ana kwa ana, si kwa kuandikiana. Swali moja kwa siku. Kabla hujajibu, rudia alichosema mpaka akubali, "Ndiyo, ndicho nilichosema." Zoezi hili peke yake hupunguza nusu ya ugomvi, maana mara nyingi tunamjibu yule mkana Mungu wa kwenye video huku aliye mbele yetu amesema jambo jingine. "Sijui, nipe wiki moja" ni jibu zuri, mradi wiki ikiisha urudi nalo. Muulize pia: nini kingekufanya ubadili mawazo? Uwe tayari akuulize na wewe. Ule mstari tunaoupenda wa 1 Petro 3:15, wa kuwa tayari kumjibu kila mtu, unamalizia na "kwa upole na kwa hofu". Na unasema kumjibu *awaulizaye*. Asipouliza, pika mtori.

Huyo rafiki yako wa maombi naamini anakupenda. Lakini uangalie mpango wake ulivyo. Unaanza na uongo kwamba unaumwa, kwa kijana ambaye shitaka lake kubwa juu yenu ni uongo. Ana miaka 22, na maombi ya kumfungia mtu asiyetaka yatamfundisha jambo moja tu, kwamba simu ya mama si ya kuaminika tena. Siku utakayoumwa kweli, je? Tomaso alikaa na wenzake siku nane bila kuamini na hakuna aliyemkemea pepo; alikuwa bado ndani ya nyumba Yesu alipokuja. Yuda, mstari wa 22, anaagiza wenye shaka wahurumiwe. Kufunga na kuomba unaweza, wewe na rafiki yako, hata siku saba, yeye akiwa Dar es Salaam na vitabu vyake.

Kwa baba yake, uamuzi ni wa nyumba yenu, mimi nakuonesha tu kila njia inapita wapi. Ukimwambia wewe kwa siri, utapunguza mshtuko wa Desemba, lakini kijana akijua hatakuambia tena kitu. Mkinyamaza mpaka ibada ipite, ada inabaki salama kwa muda, ila siku mume wako atakapojua atahesabu watu wawili waliomficha. Itamuuma kama mume kabla haijamuuma kama mzee wa kanisa. Iko njia ya tatu, kijana aseme mwenyewe, wewe ukiwa umekaa hapo. Hatari yake ni hasira na lile neno la nauli. Mkiielekea hiyo, msichague Jumapili, wala siku wajomba wapo, wala wiki ya mwisho kabla ya kipaimara. Na ombi lako kwa mume wako liwe dogo: asiamue lolote kuhusu ada usiku huohuo. Neno alilomsemea mtoto wa jirani lilikuwa rahisi kwa kuwa hakuwa wake.

Huenda likamsaidia jambo moja la Monika, mama yake Agustino. Kijana wake alipofuata mafundisho ya Wamani, dini ya nuru na giza zinazopigana, akiwa na miaka kama 20, Monika alikataa kula naye meza moja. Baadaye, baada ya ndoto aliyoiota, akamrudisha mezani, na kijana bado haamini alichoamini mama. Akamwendea askofu mmoja amsihi abishane na mwanawe. Askofu akakataa: huyu kwa sasa hafundishiki, mwache, atagundua mwenyewe kwa kusoma. Mama akang'ang'ania na kulia mpaka askofu akachoka, akamwambia aende zake, haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Agustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, ana miaka 32. Hesabu miaka ile ya katikati. Sikuahidi kwamba wako atarudi, na maneno ya askofu aliyechoshwa hayafai kugeuzwa hati ya madai kwa Mungu.

Ibada ya Desemba inagawanyika kuliko unavyofikiri. Kukaa na familia, kusimama wengine wanaposimama, kupokea wageni, kuzungumza kuhusu dada yake kwenye tafrija, kukata keki naye: hayo yote anaweza kuyafanya bila uongo, na binti anastahili kaka yake awepo. Kusoma somo kuna wanaokuona ni kusoma tu na wanaokuona ni kukiri. Muulize yeye linamkaaje. Meza ya Bwana ni jambo jingine. Paulo anataka kila mtu ajihoji mwenyewe kabla ya kula (1 Wakorintho 11:28), kwa hiyo kijana anayesema "nisiende nikaigiza" anaiheshimu meza hiyo kuliko anayeiendea kwa ajili ya picha. Hilo hata mzee wa kanisa anaweza kulisikia, likisemwa hivyo. Ukiona vema, mwoneni mchungaji wenu mapema, Novemba isipite, kama kijana ataridhia. Wachungaji wanayajua haya zaidi ya tunavyodhani.

Kitabu usinunue bado. Mpigie, umwambie ulikiona kile kinene chenye gazeti, na ungependa akuazime akija. Kisome na penseli, uweke alama pale unapokubaliana nacho na pale unapokataa, kama unavyosahihisha madaftari. Ukimaliza umrudishie na gazeti lake.